Kushindwa Hakukuiua KANU, na ODM Isiogope

Tangu Raila Odinga alipofariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, wanachama wa ODM, chama cha chungwa alichokiongoza, wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja. Wapo wanaotaka chama kimuunge mkono Rais William Ruto mwaka 2027 na kubaki serikalini. Wapo wanaotaka chama kisimamishe mgombea wake wa urais. Ukiwasikiliza kwa makini wale wa kundi la kwanza, hoja yao ya mwisho huwa ni hii: bila Raila, tukienda peke yetu tutashindwa.

Nakubaliana nao kwamba tutashindwa. Nimepigia chungwa kura zaidi ya mara moja, na kwa sasa sioni mtu ndani ya chama anayeweza kupata nusu ya kura za Wakenya na moja juu yake. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa kuwa tutashindwa basi tusigombee. Tulishawahi kuona chama kikubwa kuliko ODM kikifuata ushauri huo, na tuliona kilikoishia.

Kufikia Novemba 2002, kushindwa kwa KANU, chama tawala wakati huo, hakukuwa siri tena. Tarehe 18 Machi mwaka huo chama kilikuwa kimemeza chama cha NDP cha Raila pale Kasarani, na Raila akapewa ukatibu mkuu. Ilionekana hakuna wa kukigusa. Kisha Rais Moi akamchagua Uhuru Kenyatta awe mrithi wake, kijana aliyeshindwa hata ubunge wa Gatundu Kusini mwaka 1997. Makamu wa Rais George Saitoti akafutwa kazi. Raila, Kalonzo Musyoka, Saitoti na Joseph Kamotho wakahamia chama cha LDP. Tarehe 14 Oktoba, wajumbe wa KANU walipokuwa Kasarani wakimwidhinisha Uhuru, Raila alikuwa Uhuru Park akiuambia umati kwamba Kibaki tosha, yaani Mwai Kibaki anatosha kuwa mgombea wa upinzani. Baada ya siku hiyo kila mtu mwenye macho alijua. Musalia Mudavadi alikubali kuwa Makamu wa Rais Novemba, na Desemba watu wa Sabatia wakamnyima hata kiti cha ubunge.

Kibaki alipata zaidi ya asilimia 62. Uhuru alipata asilimia 31.

Tunapoisimulia historia hii huwa tunaharakia ile 62, kwa sababu ndiyo iliyotufurahisha. Mimi nataka tukae kidogo na ile 31. Ni kura zaidi ya milioni 1.8, zilizopigiwa chama ambacho kilikuwa kimetawala tangu uhuru, kilichobeba kashfa ya Goldenberg na vyumba vya mateso vya Nyayo House, na ambacho nusu ya vigogo wake walikuwa wametoroka wiki chache kabla ya kura. KANU ilipata wabunge 64 wa kuchaguliwa kati ya 210. Mgombea wake alikuwa na miaka 41, alikuwa na kiti bungeni kwa kuwa Katiba ya zamani ilimtaka mgombea urais awe mbunge pia, na akawa kiongozi wa upinzani rasmi. Alikubali matokeo mapema bila kwenda mahakamani. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho Uhuru alifuzu. Ushindani wenyewe ndio uliokosekana baadaye.

Kwanza, chama hakikuwa na miguu yake. Kwa karibu miaka 40 kazi ya chama mashinani ilifanywa na serikali. Chifu ndiye aliyeitisha mkutano, mkuu wa wilaya ndiye aliyejua nani ana kadi, na vijana wa chama walidai kadi hizo sokoni na kwenye vituo vya matatu. Waliokulia Bonde la Ufa miaka ya themanini, kama mimi, watakumbuka kwamba mzazi hakutoka nyumbani kwenda kuuza mahindi bila kadi mfukoni. Chama kilikuwa kimejishika kwenye serikali kama kupe kwenye ng'ombe, na siku ng'ombe alipopata mwenyewe mwingine, matawi yakabaki majina kwenye daftari. Hata makao makuu yaliondoka. Serikali ya NARC, muungano wa Kibaki, ililichukua jumba la KICC mapema mwaka 2003, na KANU ikajikuta inatafuta ofisi.

Hilo lingeweza kurekebishwa. Miaka mitano si muda mfupi. Katiba ya chama ilikuwapo, wabunge walikuwapo, na ngome za Bonde la Ufa na Kaskazini Mashariki hazikuwa zimeyumba. Sikumbuki KANU ikiunda kamati ya kuzunguka nchi kuuliza wanachama kwa nini wamekasirika. Ninachokumbuka ni ugomvi wa viti. Mwaka 2004 Kibaki alipounda alichokiita serikali ya umoja wa kitaifa, alimchukua Njenga Karume na John Koech kutoka KANU akawafanya mawaziri, na chama hakikujua kiwafukuze au kiwapongeze. Mwaka 2005 Uhuru alimshinda Nicholas Biwott katika uchaguzi wa mwenyekiti, William Ruto akawa katibu mkuu, na Biwott akaondoka na kundi lake. Mahakama ndizo zilizoishia kuamua nani anamiliki jogoo, nembo ya chama.

Halafu ikaja nafasi ambayo chama kilichoshindwa huiombea. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya Katiba, na upande wa chungwa uliopinga rasimu hiyo, KANU ikiwa ndani yake pamoja na LDP, uliishinda serikali kwa asilimia 58. Miaka mitatu tu baada ya kufurushwa, KANU ilikuwa imesaidia kuishinda serikali iliyoifurusha. Chama chenye nia ya kurudi kingeuanza mwaka 2006 kikiwa na mgombea.

Badala yake, mwaka 2007 kiongozi wa upinzani rasmi alitangaza kwamba anamuunga mkono rais aliyeko madarakani agombee tena. Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi na bado linanishangaza. Mtu anayelipwa na umma kuikosoa serikali alikwenda kuiombea kura. Ruto alikuwa ameshahamia ODM, na Bonde la Ufa likamfuata. KANU iliyokuwa na wabunge 64 ikarudi bungeni na wasiozidi 15. Uhuru akapata uwaziri Januari 2008 na unaibu waziri mkuu Aprili. Kwake yeye binafsi hesabu ilikubali, na mwaka 2012 alipotaka urais aliiacha KANU akatumia chama kipya cha TNA.

Tangu mwaka 2002 KANU haijasimamisha mgombea urais hata mara moja. Mwaka 2013 ilikuwa na Mudavadi, mwaka 2017 na Uhuru, mwaka 2022 na Raila kupitia muungano wa Azimio. Kila mara kulikuwa na sababu nzuri, na kila mara sababu ilikuwa ileile: tukienda peke yetu tutashindwa. Mwaka 2022 mwenyekiti wake, Gideon Moi, alipoteza kiti cha useneta cha Baringo, nyumbani kwa babake, mbele ya mgombea wa UDA, chama cha Ruto. Na uchaguzi mdogo wa kiti hichohicho ulipoitishwa mwaka 2025, alijiondoa kwenye kinyang'anyiro baada ya kukutana na Rais Ikulu. Sasa hata Baringo hawagombei.

Wapo watakaosema KANU ilikufa kwa sababu ya dhambi zake. Ningependa iwe hivyo, lakini Malawi inanikatalia. Chama cha MCP cha Hastings Banda kilikuwa na historia nzito kuliko ya KANU, na mwaka 1994 kilishindwa vibaya na Bakili Muluzi. Tangu hapo kilikuwa na mgombea katika kila uchaguzi wa rais. Banda mwenyewe mwaka 1994, Gwanda Chakuamba mwaka 1999, John Tembo mwaka 2004 na 2009, Lazarus Chakwera mwaka 2014 na 2019. Wote walishindwa. Walikuwa na migogoro ya ndani, tena mikali, na waliwahi kuingia katika miungano ya ajabu. Lakini mkulima wa Lilongwe au Dowa hakuwahi kufungua karatasi ya kura akakosa jina la mtu wa MCP. Mwaka 2020 mahakama ilipofuta matokeo ya mwaka uliotangulia na kuagiza kura irudiwe, Chakwera alishinda. Miaka 26 nje ya serikali, na chama kilikuwa bado na watu wa kukipigia kura. Kilishindwa tena mwaka 2025, na sina shaka kitakuwa kwenye karatasi ya kura uchaguzi ujao.

Ghana wana utaratibu ninaoutamani zaidi. Chama cha NDC kiliposhindwa mwaka 2016, John Mahama akiwa rais aliyeko madarakani na kupata asilimia 44 tu, chama kiliunda kamati ya watu 13 chini ya Profesa Kwesi Botchwey, waziri wa fedha wa zamani, wazunguke mikoani wawasikilize wanachama. Mwaka 2020 walishindwa tena lakini wakagawana bunge nusu kwa nusu na chama tawala, 137 kwa 137. Mwaka 2024 walirudi madarakani kwa kishindo.

Sina haja ya kwenda mbali hivyo kwa mfano, kwa sababu ODM yenyewe ni mfano. Chama kilichozaliwa na ile kura ya maoni ya 2005 kimetangaziwa kushindwa urais mwaka 2007, 2013, 2017 na 2022. Mara nne. Mwaka 2022 Raila alipewa asilimia 48.85 dhidi ya 50.49 za Ruto. Baada ya kila mojawapo ya chaguzi hizo ODM ilibaki chama cha kwanza au cha pili bungeni, na tangu 2013 imeendesha kaunti kuanzia Mombasa hadi Homa Bay. Wanaonieleza leo kwamba kushindwa ni kifo wananieleza hayo wakiwa wamekaa kwenye viti walivyopewa na chama kilichoshindwa mara nne. Na wasiniambie yote yalikuwa Raila. Mwezi mmoja na siku chache baada ya kumzika, katika chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025, ODM ilishinda Kasipul, Ugunja na Magarini. Wapiga kura wa Magarini wako mbali sana na Bondo, nyumbani kwa Raila.

Twende kwenye hesabu, maana najua viongozi wetu ni watu wa hesabu. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Asipopatikana, wawili wa kwanza wanarudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Duru hiyo ya pili haijawahi kutokea Kenya, na sababu mojawapo ni kwamba tumezoea kugawana nchi katika kambi mbili kabla hata kura haijapigwa. Sasa fikiria ODM ina mgombea wake mwaka 2027, Rais Ruto ana UDA yake, na kina Kalonzo Musyoka na Rigathi Gachagua wana mtu wao. Hata mgombea wetu akipata asilimia 12 au 15 tu, kuna uwezekano mkubwa asipatikane wa kuvuka nusu. Hapo ndipo pa kujadiliana. Utakwenda mezani ukiwa na kura zilizohesabiwa kituo kwa kituo, na mwenzako anakuhitaji ndani ya siku 30. Kujadiliana kabla ya kura, kama tunavyofanya sasa, ni kuuza bidhaa ambayo haijapimwa, na mnunuzi ndiye anayetaja bei.

Kuna na fedha. Sheria ya Vyama vya Siasa imeweka hazina ya vyama isiyopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, na sehemu kubwa ya fedha hizo hugawanywa kwa kufuata kura ambazo chama kimepata. Chama kisicho na mgombea urais hupoteza kura hizo katika hesabu. Pia hupoteza kitu kisichoandikwa kwenye sheria. Mgombea urais ndiye anayempa mwakilishi wadi wa Kilifi na mbunge wa Busia sababu ya kuvaa rangi moja, na ndiye anayefanya mawakala wajae vituoni. Vijana wakiambiwa kwamba rangi zetu ni za udiwani tu, huku urais tukimpa mwingine, mwaka unaofuata watauliza kwa nini wasijiunge na huyo mwingine moja kwa moja. Jubilee iliwahi kuwa na wabunge wengi kuliko chama chochote nchini. Mwaka 2022 ikaingia kwenye uchaguzi bila mgombea wake wa urais, na sasa ni shida kukumbuka ina wabunge wangapi.

Hoja ninayoiheshimu zaidi kutoka upande wa pili ni ya njaa. Wanasema watu wetu wamekaa nje miaka mingi, barabara hazikuja, na sasa tuna mtu Hazina. Ni kweli kwamba tangu Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana kuitikisa serikali, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya, John Mbadi na Opiyo Wandayi wamekuwa mawaziri. Ni kweli pia kwamba mkataba wa ODM na UDA wa tarehe 7 Machi 2025 una mambo mazuri ndani yake, yakiwemo fidia kwa waathiriwa wa maandamano. Ulitiwa saini KICC, na nilipoliona jumba hilo kwenye runinga siku ile moyo wangu ulisononeka, maana nilijua lilikuwa la nani zamani.

Lakini hoja ya njaa ilikuwa na nguvu zaidi wakati wa KANU kuliko sasa. Mwaka 2002 mbunge wa upinzani alitegemea huruma ya waziri apate hata zahanati. Leo kaunti 47 zinapata kwa haki ya Katiba mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kila eneo bunge lina hazina yake ya maendeleo, liwe la chama tawala au la upinzani. Gavana wa ODM anayetaka hospitali yake iwe na dawa hahitaji rais amwite mezani. Kama hospitali haina dawa, tuulizane sisi kwa sisi, na swali hilo ndilo lingekuwa la kwanza kwenye kamati kama ile ya Botchwey.

Tatizo halisi liko juu, kwa vinara. Katiba yetu humwacha aliyeshindwa urais bila kiti chochote. Hana bunge, hana ofisi, hana hata dereva. Ndiyo maana tangu 2010 kila aliyeshindwa huanza kuangalia mlango wa Ikulu, na ndiyo maana tuna handisheki ya Uhuru na Raila ya Machi 2018 na serikali jumuishi ya 2024. Kamati ya mazungumzo ya kitaifa ilipendekeza mwaka 2023 iundwe ofisi ya kiongozi rasmi wa upinzani. Wabunge wa ODM wangekuwa wakilisukuma pendekezo hilo kila wiki, kwa sababu chama kinachotarajia kushindwa kinapaswa kwanza kujitengenezea mahali pa kusimama baada ya kushindwa. Sijasikia wakilipigia kelele. Naona wanatarajia kuwa ndani.

Nani awe mgombea? Sina mtu wangu mfukoni. Awe Edwin Sifuna, awe Gladys Wanga, awe Babu Owino, awe James Orengo, awe hata Joho akiamua kuacha uwaziri. Ningemchagua mtu wa chini ya miaka 50 atakayeweza kugombea tena mwaka 2032, kwa sababu kura ya kwanza ya mgombea mpya ni ya kujulikana. Mahama alihitaji kushindwa mara mbili kabla ya kurudi. Chakwera alitangaziwa kushindwa mara mbili. Atakayepata asilimia 12 mwaka 2027 akiwa ametembea kaunti zote 47 na kulala Mandera, Turkana na Taita Taveta, atakuwa na kitu ambacho hakuna waziri wa serikali jumuishi atakayekuwa nacho.

Ndugu zangu wajumbe, uamuzi huu si wa vinara wala wa familia ya Bondo, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwa Mzee Oburu Oginga aliyekabidhiwa chama katika wakati wa majonzi. Ni wenu. Mkutano wa kitaifa wa wajumbe utakapoitishwa, dai la kwanza liwe kwamba suala la mgombea urais lipigiwe kura, kwa siri, kaunti baada ya kaunti, na matokeo yasomwe ukumbini kabla mtu yeyote hajapanda gari kwenda Ikulu.